Jogoo wa Mama Halima

Mwezi uliopita watu wa halmashauri walinialika kwenye mkutano wa siku moja pale Lushoto mjini. Kijana aliyenipigia simu alisema wanahitaji wazee wenye kumbukumbu, na kwamba shabaha ni kuboresha namna halmashauri inavyofanya kazi na wananchi. Nilimuuliza kama kutakuwa na mkalimani. Akacheka kwa adabu. "Bibi, siku hizi kila mtu anajua Kiswahili." Nilikwenda, lakini si kwa uzalendo. Nilipokuwa msichana niliwahi kuwa mkalimani wa halmashauri hiyo hiyo kwa mwaka mmoja, na tangu mwaka ule sijaweza kulisikia neno "ushirikishwaji" bila mdomo kunichachuka. Nilitaka kuona wamejifunza nini. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, na ukutani kulibandikwa karatasi kubwa nyeupe, moja imeandikwa MAONI YA WANANCHI kwa kalamu nene nyekundu. Niliketi nyuma. Mbele yangu kidogo alikaa mwanamke mfupi, kanga imemkaa kichwani sawasawa, na alipogeuka kupokea chupa ya maji nikaona kovu la moto juu ya nyusi yake ya kushoto. Kovu lile nilikuwepo siku lilipopatikana. Nikaita, "Halima?" Akanitazama, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Shikamoo, dada Naomi," akasema, kana kwamba tuliachana juzi sokoni. Mara ya mwisho kumwona alikuwa mtoto wa miaka kumi. Nilijibu marahaba.

Mwaka ninaousema ulikuwa wa mwisho kabla ya halmashauri za wilaya kuvunjwa na madaraka kuhamishiwa mkoani. Sisi makarani hatukujua kwamba nyumba tuliyomo inakaribia kubomolewa. Nilikuwa mpiga chapa, na meza yangu ilikuwa karibu na dirisha ambalo wananchi walihudumiwa. Dirisha lenyewe lilikuwa na ubao wa kuteremshwa, na karani mkuu, mtu mnene aliyevaa sweta la kijani mwaka mzima, aliuteremsha kila alipojisikia. Watu walitoka Mtae, walitoka Mnazi, wakasimama kwenye ukungu na miguu yao imejaa tope jekundu, halafu ubao unashuka mbele ya pua zao na sauti inatoka nyuma yake: "Njoo kesho." Aliyetoka Mtae kesho atatokea wapi? Alilala kwa ndugu, au alilala barazani kwa Mwarabu mwenye duka. Niliwasikia wakiulizana kwa Kisambaa, chini ya dirisha langu, kama kuna njia ya kumkuta yule mwenye sweta akiwa ameshiba, kwa sababu walidhani ni njaa inayomfanya awe vile. Hawakujua kwamba nawaelewa. Niliendelea kugonga mashine.

Ndipo akaja Bwana Maendeleo. Ndivyo tulivyowaita maafisa wa maendeleo, na yeye sitamtaja kwa jina, kwa kuwa wanawe wapo na alikuwa mtu mwema. Neno hilo nalisema kwa uchungu, lakini nalisema. Alikuwa mtu wa kanda ya Ziwa, mrefu, bado kijana, suruali fupi hata katika baridi ya Juni, na alikuwa amesoma chuo ambako walimfundisha kwamba serikali isiyosikiliza ni ukoloni uliopakwa rangi nyeusi. Wiki yake ya kwanza aliung'oa ule ubao wa dirisha kwa mikono yake. Karani mkuu alibaki ameshika bawaba. "Kuanzia leo," akasema Bwana Maendeleo, "hakuna mpango utakaopita hapa kabla wenyewe hawajasikilizwa, kijijini kwao, kwa lugha yao." Akageuka. "Nani hapa anajua Kisambaa vizuri?" Nikanyanyua mkono. Nilikuwa na miaka ishirini na moyo wangu uliruka. Naomba mnielewe: nilimwamini. Hata leo, nikiwasikia vijana wakisema maneno yale yale, sehemu yangu moja inataka kuamini tena, na sehemu hiyo ndiyo ninayoichukia zaidi.

Kijiji cha kwanza kilikuwa Kwelugogo. Hilo si jina lake halisi, lakini wa kule watajijua. Nyumba zilikuwa juu ya mgongo wa mlima, kila moja imejificha katika migomba yake, na chini kulikuwa na bonde pana, jeusi, lenye maji yaliyoongozwa kwa vijifereji kutoka kijito kimoja. Wakati wa kiangazi, migomba ya juu inaposinyaa, bonde ndilo lililowalisha. Kila kaya ilikuwa na kipande chake cha maharage, kabichi na viazi. Watu hawakujenga kule. Bonde ni la kulima na mgongo ni wa kulala, hilo hata mtoto alilijua, na kwa sababu hata mtoto alilijua hapakuwa na aliyewahi kulisema kwa sauti. Nilipelekwa mapema, wiki kadhaa kabla ya mkutano, nikazoeane na watu, na diwani akanipangia kwa mjane aitwaye Mama Halima.

Nyumba ya Mama Halima ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje. Chumba nilicholala kilinuka ndizi zinazoivia darini, na asubuhi ukungu uliingia kwa mlango wa nyuma ukatokea wa mbele bila haraka, kama mwenye nyumba. Yeye alikuwa mwanamke mkavu, mwepesi, mchekeshaji wa kimya kimya. Shemeji zake walikuwa wamekwishachukua migomba ya marehemu mume wake, wakamwachia nyumba na kipande cha bondeni, basi. "Mimi nimeolewa na bonde sasa," aliniambia siku ya kwanza, akinipakulia makande. "Halinipigi, halirudi limelewa, na kila kiangazi linaniletea kitu." Maharage ya bonde hilo ndiyo yaliyomvisha Halima sare ya shule. Jioni, kabla giza halijaingia, nilimfundisha yule mtoto kuandika kwa mkaa kwenye ubavu wa sufuria kuukuu, maana mwalimu wao alikuwa mmoja kwa madarasa yote na hakumfikia. Nilimwambia achague neno analolitaka. Hakutaka "mama", hakutaka jina lake. Alitaka "bonde". Tuliliandika mpaka akaweza kuliandika amefumba macho, na siku moja katika kuonyesha ubingwa huo alijikwaa mbele ya mafiga, ndipo akapata lile kovu. Mama yake alimpaka asali akasema elimu ina gharama. Tulicheka.

Mpango wenyewe ulikuwa huu: watu wa Kwelugogo wateremke kutoka mgongoni, wajenge pamoja bondeni kwa mistari, karibu na barabara, wapate shule ya madarasa yote, zahanati na bomba. Nani angeikataa zahanati? Bwana Maendeleo alikuja na Landrova asubuhi ya mkutano, na jambo la kwanza alilokataa ni meza iliyotengwa kwa ajili yake ndani ya nyumba ya diwani. "Mkoloni alikuja na chakula chake kwenye kopo, akala peke yake kwenye hema," aliniambia nitafsiri. "Mimi nitakula mnachokula, palepale mnapokula." Watu wakatazamana. Mama Halima alikuwa amemchinjisha jogoo wake, jogoo mmoja tu aliyekuwa naye, mwekundu mwenye mkia mrefu, kwa kuwa mgeni wa namna hii hawezi kupewa maharage. Bwana Maendeleo aliketi chini kwenye mkeka, akanawa, akala kwa mkono, akasifu mchuzi, akaomba aongezewe. Wazee walimtazama kwa mapenzi ya kweli. Nami nilijaa fahari, nikafikiri: huyu ndiye.

Baada ya kula, tukaenda kiwanja cha shule. Aliongea vizuri. Nilitafsiri vizuri pia, sikuongeza wala kupunguza, na kila nilipomaliza sentensi wazee waliitikia kwa kuguna kwa upole. Akauliza kama kuna mwenye neno. Mgosi Shemweta, diwani wao, mzee mwenye koti refu la jeshi na sauti nzito, alisimama akamshukuru mgeni kwa kuja, akamshukuru kwa kula, akaketi. Bwana Maendeleo akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono yote ilikwenda juu. Wa Mama Halima ulikuwa juu. Nilimwona Bwana Maendeleo akifuta macho kwa kiganja. Hakuwa mnafiki, alilia kwa furaha. Alidhani ameona wananchi wakiamua.

Jioni ile nilikuwa nyuma ya jiko nikisuuza sahani, na wanawake walikuwa ndani wakikoka moto. Hawakuwa wananificha, walinisahau tu. Mmoja alisema, "Sasa nani atamwambia kwamba kule hakujengwi?" Mama Halima akajibu, "Si leo. Leo ana chakula chetu tumboni. Utamlisha mtu halafu umtapishe?" Mwingine akasema wazee wamekwisha kupanga, watampelekea jibu kwake, Lushoto, mwezi ukiandama. Wakaendelea kuzungumza mambo ya chumvi. Nilisimama na sahani mkononi. Mimi nilikulia misheni, kule tulisali kabla ya kula na kubishana wakati wa kula, desturi ile nilikuwa sijaikuta kwa ukali huo. Niliingia nikauliza. Mama Halima akanieleza kwa subira, kama anavyomweleza Halima jinsi ya kumenya ndizi. Tonge na neno gumu havikai siku moja. Mgeni aliyekula kwako humkatalii siku hiyo, unamwitikia, unamsindikiza, kisha unamfuata kwake na jibu lako, nawe huli chake mpaka umelitoa. "Hata mtu akileta posa ndivyo tunavyofanya," akasema. "Kwenu hamfanyi?" Nikamuuliza ile mikono je, mbona mliinyanyua? Akashangaa. "Alituomba tunyooshe. Mgeni akikuomba unyooshe mkono, utaukunja?"

Asubuhi nilimwambia Bwana Maendeleo, kabla Landrova haijawashwa. Uso wake ulibadilika. Alinisikiliza, hilo siwezi kumnyima. Alisimama kidogo akipiga piga boneti, halafu akafanya kosa ambalo mtu mbaya asingelifanya: aliwaita wazee tena, palepale, akawauliza kupitia kwangu, "Je, jana mlikubali kwa sababu nilikula kwenu?" Nilitamani ardhi inimeze. Nilimwomba kwa Kiingereza asiulize hivyo. Akasema, "Tafsiri, Naomi. Lazima tuwe wawazi." Nikatafsiri. Mgosi Shemweta alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja. "Mwambie mgeni," akasema, "hapa hatumhesabii mtu matonge. Tulimpa chakula kwa moyo. Kama anadhani tumemuuzia jogoo, ametutukana, lakini tunamsamehe, ni mtoto." Bwana Maendeleo akauliza, basi mpango mnaukubali? Na mzee, aliyekwisha kuaibishwa mbele ya watu wake, hakuwa na jibu jingine ila moja. "Safari njema," akasema. Ndani ya gari Bwana Maendeleo aliniambia kwa upole kwamba nisiwe mwepesi wa kusikiliza maneno ya jikoni. Uhuru umekuja, akasema, watu hawaogopi tena. Hawakuwa wanaogopa. Wangekuwa wanaogopa ningejua la kumwambia.

Walikuja Lushoto kama walivyosema, mwezi ulipoandama. Nilikuwa nimerudi ofisini, nikawaona kupitia dirisha lililokosa ubao: Mgosi Shemweta na koti lake, wazee watatu, na Mama Halima nyuma yao na furushi la viazi vya kuchemsha, chakula chao wenyewe. Walikuwa wametembea tangu usiku. Bwana Maendeleo hakuwepo, alikuwa Tanga kwenye semina, na mada ya semina, nisameheni nikicheka, ilikuwa kusikiliza wananchi. Aliyewapokea alikuwa karani mkuu, na siku hiyo kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitaka kuonekana mwema. Aliagiza chai. Chai ya maziwa, na mkate uliokatwa. "Karibuni, wazee, siku hizi tumebadilika," akasema. Hakuna aliyegusa kikombe. "Tutakunywa tukishasema," Mgosi Shemweta akamwambia. Karani mkuu akavimba. "Yaani chai ya serikali hamuitaki?" Niliingilia, nikamweleza, akaniambia nirudi kwenye mashine yangu. Basi mzee akasema lao, amesimama: bonde haliishi watu, maji yake hulala chini na huamka vuli, nyumba zibaki mgongoni, shule na zahanati wajengewe huko huko juu, wao watabeba mawe. Alisema kwa ufupi na kwa uwazi. Kama kungekuwa na mtu wa kusikiliza ofisini siku hiyo, kila kitu kingeweza kuokolewa kwa muda wa kikombe kile cha chai kupoa.

"Lakini mlinyoosha mikono," karani mkuu akasema. "Imekwisha kwenda mkoani. Kama mna pingamizi, mpelekeeni diwani wenu alilete kikaoni."

"Diwani ni mimi," akasema Mgosi Shemweta.

"Basi subiri kikao."

Kikao hicho hakikukaa. Kiliahirishwa, kikaahirishwa tena, mwisho tukaambiwa mambo yanapangwa upya kitaifa. Wazee waliondoka bila kunywa. Karani mkuu alimwaga chai dirishani, akaniambia nisikie, ili nijifunze, jinsi watu wa milimani wasivyo na shukrani. Mama Halima alipita karibu na meza yangu, akanigusa bega. "Chumba chako kipo," akasema. "Halima anakuulizia." Bwana Maendeleo aliporudi alikuta habari mbili juu ya meza yake, kwamba wazee wa Kwelugogo walifanya ujeuri hata chai wakaikataa, na kwamba mkoa umesifu wilaya yetu kwa kuwa ya kwanza kupata kijiji kilichokubali kuhama kwa kauli moja. Nilimwambia maneno yote ya mzee. Alishika kichwa. "Tutarekebisha wakati wa utekelezaji," akasema. Ukiisikia sentensi hiyo kutoka kwa mkubwa yeyote, chukua mwanao na mkeka wako uondoke.

Kuna jambo jingine nililolisikia mwaka ule, na linaniuma kwa sababu ni la kijinga. Ofisi yetu na ya Bwana Shamba zilitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba. Bwana Shamba aliijua habari ya maji ya bonde lile, alifanya kazi pale miaka mingi. Siku moja nikamsikia akimwambia msaidizi wake, "Wanajenga Kwelugogo chini. Vuli watakuja kulia." Msaidizi akamuuliza kwa nini hawaambii. "Waliniita?" akajibu. Bwana Shamba na Bwana Maendeleo hawakusemeshana tangu huyu wa pili alipochukua Landrova siku iliyokuwa zamu ya kilimo. Walipitana ukumbini kila asubuhi, wote wakiwa wamevaa beji moja kifuani. Nilikwenda mwenyewe nikambembeleza Bwana Shamba. Akaniambia, "Binti, wewe ni mpiga chapa."

Kiangazi, wakati wa maharage, bonde la Kwelugogo lilipandwa nguzo. Nyumba za mgongoni zilibomolewa ili miti yake itumike chini, na ya Mama Halima ilikuwa ya kwanza, kwa vile hakuwa na mwanamume wa kuisimamia. Kipande chake kiliangukia katikati ya barabara ya kijiji kipya. Nilipelekwa kutafsiri maelekezo ya ujenzi, nikamkuta anavuna maharage mabichi, yasiyojaa, mbele ya watu waliosubiri na majembe. Nilimsaidia. Zahanati haikuja, bomba halikuja, saruji ya shule ilifika nusu ikagandia nje. Ilipokuja vuli, maji yaliamka kama mzee alivyosema. Hayakuja kwa kishindo. Yalitoka chini ya sakafu, yakapanda ukutani taratibu, na kuta zikalegea zikalala. Watu walirudi mgongoni wamebeba milango. Waliokuwa na migomba walijenga upya. Mama Halima hakuwa na migomba, hakuwa na nyumba, na mume wake yule wa pili, bonde, alikuwa ameuawa kwa kufukiwa vifusi.

Kaka yake Mama Halima aliishi Mazinde, chini kabisa, nyikani. Mama akamchukua Halima wakateremka. Ofisini habari hiyo ilifika kama neno moja katika taarifa: wamehama kwa hiari. Niliichapa mimi. Watu wa milimani wanajua nyika ina homa na miili yetu haijaizoea, ndiyo maana zamani mtu hakuteremka ila kwa jambo. Kabla mwaka haujaisha kaka yake alipanda mpaka Lushoto kutafuta dawa ya dada yake, akapita kuniambia, na aliporudi Mazinde alimkuta amekwisha kuzikwa. Mtu aliyekuwa akicheka kimya kimya. Nilimwendea Bwana Maendeleo nikamwambia. Alilia, kama alivyolia siku ya mikono. Nikagundua kwamba machozi yake nimeyachoka. Mwaka uliofuata halmashauri ilivunjwa, yeye akahamishwa, nikasikia alikwenda kufundisha chuoni.

Nilikwenda kumuaga Mgosi Shemweta kabla sijaondoka. Udiwani ulikuwa umemtoka, koti lilikuwa bado naye. Nilitaka anilaumu. Akanikaribisha ndizi za kuchemsha, tukala, na kwa kuwa tulikula hakunilaumu. Alisema tu jambo moja, akitazama bondeni kwenye vifusi vyetu. "Mzungu alitaka tulime matuta," akasema. "Alikuja na askari, akasimama, akaamrisha. Hakula kwetu hata siku moja. Tukamkataa mpaka akaachana nayo. Huyu kijana wenu alikaa chini akala nasi." Akatikisa kichwa. "Tungemkataaje?"

Nimeliweka neno hilo moyoni zaidi ya miaka hamsini, na nimekasirika na kila upande. Nawakasirikia waliokuja kusikiliza na hawakubaki mpaka jibu lilipoiva. Naikasirikia pia, Mungu anisamehe, adabu yetu, adabu nzuri kuliko zote nilizopata kuziona, iliyomlisha mtu jogoo wa mwisho na ikamwachia bonde.

Basi nirudi ukumbini. Mwezeshaji wa mkutano, kijana mchangamfu wa shati jeupe, alieleza mradi wa halmashauri: soko la kisasa la mboga na stendi, na mahali palipopendekezwa ni bonde la Kwelugogo, kwa kuwa ni tambarare na liko karibu na barabara. Nilimtazama Halima mgongoni. Haukutikisika. Nilijua kutoka kwa watu kwamba alirudi mlimani akiwa mtu mzima, akakinunua tena kipande cha bondeni, na analima kabichi. "Kabla ya maoni," kijana akasema, "tupate kwanza chakula, tuongee tukiwa na nguvu." Zikaja sahani za pilau, nyama juu, kachumbari pembeni. Ukumbi wote ukainama. Mimi mwenyewe, bibi mzima niliyekwisha kuyaona yote, nilikuwa nimekwisha kutia kijiko. Halima aliipokea sahani yake kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka sakafuni, akaifunika kwa sahani nyingine. Kisha akanyoosha mkono, ukakaa juu, peke yake, wakati wote watu wakila.

Mwezeshaji hatimaye akamwona. "Bibi, chakula hakijakupendeza?"

"Kimependeza, mwanangu. Nitakula nikishasema." Akasimama. Alisema kwa Kiswahili cha nyikani, kilichonyooka: bonde haliishi watu, soko wala stendi, maji hulala chini na huamka vuli, soko lijengwe juu penye kiwanja cha zamani cha shule, wao watabeba mawe. Ni maneno ya Mgosi Shemweta karibu yote. Nani alimpa sijui, labda mama yake njiani kwenda Mazinde. Akamaliza kwa neno lake mwenyewe. "Hapo nimesema hapana," akasema. "Msije mkasema hatukusema."

Kijana akamshukuru sana, akaomba apigiwe makofi, akapigiwa. Kisha akageukia ile karatasi ya MAONI YA WANANCHI, akaandika mstari mmoja kwa herufi kubwa safi, akaenda kwa mtu mwingine. Halima alibaki amesimama, anautazama ukuta, macho yameminywa, anapita herufi moja baada ya nyingine. Halafu akainama kwangu.

"Dada Naomi, mimi ulinifundisha neno moja, na baada yako sikupata mwalimu," akasema. "Nimelitafuta pale silioni. Ameandika nini?"

Nilisoma mara mbili, nikitumaini macho yangu ya uzee yamekosea. Nikamsomea mstari kama ulivyo: "Wazee waandaliwe chakula laini."

Hakucheka wala hakukasirika. Aliiokota ile sahani yake, bado imefunikwa, akanishikisha. "Mrudishie chakula chake," akasema, akanyoosha mkono tena.